Faili Linaweza Kuchelewa Hadi Lini?

Watu wa ofisi ya leseni za silaha walimwita Mama Simu, na jina hilo hakulipata kwa kupenda soga. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kutia saini faili la mtu anayeomba bunduki kabla hajapiga simu na kuongea na watu wanaolala nyumba moja na mtu huyo. Wenzake walitosheka na makaratasi: hati ya polisi, cheti cha daktari, barua za wadhamini wawili, picha nne. Yeye makaratasi aliyasoma, akayapanga, akayabana, kisha akavuta simu.

"Karatasi haina mdomo," alikuwa akisema. "Na anayejua mtu akikasirika anakuwaje si daktari. Ni mkewe."

Mwaka wake wa kwanza kazini alipokea faili la bwana mmoja mwenye makaratasi safi kama shuka la hospitali. Akapiga simu nyumbani kwake, akapokea mke. "Bunduki?" yule mke akasema. "Humu ndani? Mama yangu, huyu bwana juzi kaivunja redio kwa sababu timu yake imefungwa!" Faili likarudishwa, ofisi nzima ikacheka wiki mbili, na jina la Mama Simu likazaliwa hapo.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya chini, nyuma ya jengo la serikali, mahali ambapo jua liliingia asubuhi tu, kisha likaaga. Palikuwa na dirisha la nondo la kupokelea watu, benchi refu nje yake, na makabati ya chuma ya kijani yaliyopangwa ukutani. Watumishi walikuwa kumi na mmoja. Wawili walikuwa wahakiki, ndio wenye kalamu ya mwisho: Mama Simu mwenyewe na mwanamume wa makamo waliyemwita Mshale kwa wepesi wake. Mafaili yenye namba za witiri yalikuwa ya Mama Simu, ya shufwa yalikuwa ya Mshale. Na palikuwa na Mzee Rula, mkaguzi wa nyumba, aliyezunguka na pikipiki ya ofisi kuona bunduki itahifadhiwa wapi. Mfukoni mwa shati alichomeka rula ya chuma ya kupimia unene wa kabati, na kabla ya kuandika lolote alilitikisa kabati kwa mikono miwili, aone kama limefungwa ukutani au limeegemezwa tu kumdanganya.

Siku ya barua ilikuwa Alhamisi. Kwa miezi kadhaa walikuwa wamesikia tetesi kwamba serikali inapunguza watumishi, lakini tetesi za serikali ni kama mawingu ya kiangazi, mtu huyaangalia na kuanika nguo vilevile. Asubuhi hiyo Mkuu wa ofisi aliingia na bahasha za kaki mkononi, akazigawa bila kumtazama mtu usoni. Bahasha saba. Waliopata walizifungua wamesimama. Mzee Rula aliisoma yake mara mbili, akaikunja vizuri, akauliza, "Na pikipiki?"

"Pikipiki pia," Mkuu akajibu.

"Afadhali," Mzee Rula akasema. "Ingebaki peke yake ingeniona mimi mbaya."

Walicheka, kisha mpokezi wa dirishani, mama mwenye watoto watatu shuleni, akaanza kulia, na kicheko kikakatika. Kufikia saa nane mchana walikuwa wamebaki wanne: Mkuu, Mama Simu, Mshale, na karani mmoja aliyehamishiwa dirishani.

Mafaili hayakupunguzwa. Yaliendelea kuja kama mchwa baada ya mvua. Kazi iliyokuwa ikichukua wiki sita ikachukua miezi mitatu, kisha mitano, kisha watu wakaacha kuhesabu. Makabati yalijaa, mafaili yakapangwa sakafuni, yakapanda ukutani hadi kwenye swichi ya taa. Benchi la nje likawa na wateja wake wa kudumu. Kulikuwa na mlinzi wa ghala aliyewekwa pembeni na kampuni yake hadi leseni itoke, alikuja kila Jumatatu, akajitambulisha upya kila mara kwa kejeli, "Ni mimi tena, yule marehemu wa kaunta namba moja." Kulikuwa na mwanamke mwenye duka la vipuri aliyesema faili lake limekaa humo mpaka limepata haki ya kupiga kura. Karani alicheka nao wiki za kwanza. Baadaye akawa anawajibu bila kuinua kichwa.

Katika mlima huo wa mafaili lilikuwemo moja lenye namba ya witiri, la mfugaji. Mfugaji huyo alikuwa shemeji yake Mama Simu, mdogo wake mumewe.

Shemeji alikuwa na ng'ombe kumi na wanne nje kidogo ya mji, akiishi na mama yake mzazi, na bunduki ya marisau aliyoimiliki kihalali miaka tisa. Hakuwahi kumpiga mtu nayo. Wezi wa mifugo walijua ipo, na kujua kwao kulitosha. Leseni ilipokaribia kwisha aliomba upya miezi minne kabla, kama sheria inavyotaka. Miezi minne ikapita, leseni ikaisha, faili liko sakafuni.

Jumapili moja alikuja mjini, akakaa kwenye kibaraza cha kaka yake. Kaka yake, mumewe Mama Simu, alikuwa fundi baiskeli, na siku hiyo alikuwa akinyoosha ringi iliyopinda, akizungusha na kutega jicho.

"Shemeji, sikuja kuomba upendeleo," mfugaji akaanza. "Nataka kujua tu, niko wa ngapi?"

"Mia tatu arobaini na moja," Mama Simu akajibu. Alikuwa anaijua kwa kichwa, na hilo lilimuumbua kidogo.

"Kwa mwendo wenu, ndama atakayezaliwa mwezi ujao ndiye atakayekuja kuichukua." Akacheka, kisha akaacha. "Barua imekuja. Leseni imeisha, niipeleke bunduki polisi ndani ya siku kumi na nne."

"Sheria ndivyo ilivyo, shemeji. Usiposalimisha utashtakiwa."

"Nitaipeleka. Mimi si mhalifu. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka."

Ringi ilizunguka, ikakwaruza, ikazunguka. Mgeni alipokwisha kuondoka, mume akasema bila kuinua macho, "Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Sijui wewe unavutia kwa nani."

"Nikianza na shemeji yangu, kesho nitasimama na nani dirishani?"

"Mimi sijasema kitu," mume akasema, na kweli hakusema kitu tena hadi chakula cha jioni.

Kazini Mshale alikuwa amelijua jambo hilo kabla hajaambiwa, kwa sababu ukoo ulionekana kwenye fomu. "Mama, nipe faili la shemeji yako," akamwambia. "Namba ni yako, lakini huyo ni ndugu yako, hufai hata kulishika. Nipe mimi, nilisome, nilipitishe au nilikatae."

"Likifika zamu yake nitakupa."

"Zamu! Mama, watu wako nje wanangoja. Kila faili unalolilalia lina mtu mgongoni."

"Na kila unalolirusha?"

Mshale akainua mikono. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwepesi, na hofu ilikuwa imemwongezea wepesi.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Mkuu alikuwa ametundika chati ukutani, kila Ijumaa akaandika kwa wino mwekundu mafaili yaliyofungwa na kila mhakiki. Mshale sitini na mbili, Mama Simu kumi na tisa. Mshale hamsini na nane, Mama Simu ishirini na moja. Kisha ukaja waraka: ziara za mkaguzi majumbani zimesitishwa kwa kukosa mkaguzi, na simu za uhakiki zimesitishwa kwa kukosa muda. Faili litaamuliwa kwa karatasi zilizomo. Mama Simu aliusoma waraka, akautia saini kwamba ameuona, na siku iliyofuata akaanza kupiga simu zake wakati wa mapumziko ya mchana, kwa simu yake mwenyewe, mkate ukiwa mkono mmoja.

Ndipo lilipofika faili la mkandarasi.

Huyu alikuwa mkandarasi wa barabara, mtu mrefu wa sauti laini, aliyeomba bastola ya kujilinda kwenye maeneo yake ya kazi. Alikuja dirishani mara tatu, hakugomba, hakubembeleza. Kila mara aliwaamkia wote na kumwita Mama Simu "mama yangu" ingawa hawakupishana sana umri. Makaratasi yake hayakuwa na doa.

Mama Simu alimpigia mkewe Jumatano saa saba mchana.

"Hujambo mama. Napiga kutoka ofisi ya leseni za silaha. Mumeo ameomba leseni ya bastola, nawe umeandikwa kama mtu mzima mwingine wa nyumba hiyo. Una habari?"

"Ninayo."

"Una pingamizi lolote?"

"Sina." Jibu lilikuja upesi, kama la mwanafunzi aliyekariri.

"Mnaishi kwa amani?"

"Tunaishi."

Mama Simu aliuma midomo. Alikuwa amesikia sauti nyingi katika miaka kumi na tisa, na alijua kuna maswali ambayo ukiyauliza kwa mtu asiye peke yake unamchongea. "Haya mama, asante sana."

"Samahani," yule mwanamke akasema kwa haraka. "Naomba kuuliza. Faili linaweza kuchelewa hadi lini?"

Mama Simu alikuwa na jibu la swali hilo ulimini. Alilitoa mara thelathini kwa siku. "Tutajitahidi, mama. Waombaji ni wengi na sisi tumebaki wachache, lakini muda si..."

"Hapana." Sauti ilishuka hadi ikawa pumzi tu. "Nauliza kama linaweza kuchelewa zaidi."

Simu ikakatwa.

Alikaa pale mkate ukikauka mkononi. Miezi yote hiyo hakuwahi kukutana na mtu aliyetaka foleni ile iwe ndefu. Angeandika nini? Sheria ilimruhusu mwombaji kulisoma faili lake mwenyewe. Akiandika kwamba mke ana hofu, mkandarasi atalisoma neno hilo na kurudi nalo nyumbani. Akaandika sentensi moja: "Ukaguzi wa nyumba unahitajika." Alijua vizuri kwamba wa kuufanya hayupo. Akalirudisha faili chini kabisa ya rundo, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu.

Wiki ya tatu Mkuu alimwita chumbani kwake, akafunga mlango. "Mkandarasi ameandika malalamiko. Anajuana na watu, lakini hata asingejuana, ana haki. Faili limekamilika."

"Halijakaguliwa nyumba."

"Hakuna ukaguzi! Umesaini waraka." Mkuu alijifuta uso. "Mama, nisikilize kama mdogo wako. Orodha ya pili inaandaliwa, na wanaangalia hiyo chati. Mimi mwenyewe nimekalia kuti kavu. Unanipa nini cha kukutetea nacho? Ishirini na moja?"

Alitoka bila kuahidi kitu. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumanne saa nne na nusu asubuhi mumewe alipiga simu ofisini, jambo alilolifanya labda mara mbili katika ndoa yao. Wezi watano walikuwa wameingia kwa shemeji jua limeshawaka, na mapanga na shoka mkononi, bila haraka, kama watu waliokuja kuchukua chao. Kijiji kizima kilijua kwamba bunduki iko polisi. Shemeji alijaribu kuziba lango kwa mwili wake. Walimvunja mkono wa kulia kwa ubapa wa shoka, mara mbili, wakaswaga ng'ombe kumi na watatu. Mmoja aliachwa kwa sababu alikuwa anachechemea.

Hospitali aliwakuta wote. Shemeji alikuwa amelala, uso umevimba, mkono umefungwa mbao. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Mama Simu alipiga magoti kumwamkia. Bibi yule hakuitika.

"Mama, pole."

"Faili moja," mama mkwe akasema. Hakupaza sauti. "Sikukuomba kumi. Ungefungua faili moja tu la mtoto wangu."

"Mama, kulikuwa na watu mbele yake..."

"Mimi sikuwazaa hao."

Mume alitazama dirishani. Shemeji alifungua jicho moja, akalifumba.

Alfajiri ya siku ya pili yake Mama Simu aliingia ofisini kabla ya wote. Akalitafuta faili la shemeji. Lilikuwa limesogea, sasa lilikuwa la thelathini na tatu kutoka mbele. Mshale alipofika, alimwekea mezani bila salamu. Mshale alimtazama usoni, akalifungua. Alisoma hati ya polisi, cheti, barua za wadhamini, leseni ya zamani, ripoti ya zamani ya Mzee Rula iliyosema kabati ni imara na limefungwa ukutani kwa boliti nne. Akasaini, akagonga muhuri. Mama Simu alikuwa akiitazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimepita dakika nne.

Dakika nne. Angeweza kumpa Mshale faili lile miezi mitano nyuma, tena kanuni ilimtaka ampe, maana mhakiki hagusi faili la ndugu. Alilishikilia kwa nini? Alijiambia kwamba ni haki. Sasa, akiwa amekaa pale na kofia ya kalamu mdomoni, aliona kwamba palikuwa na kitu kingine chini ya haki, kitu kilichopenda kusikia watu wakisema, "Yule mama hata shemeji yake anapanga foleni." Kitu hicho kilimvunja mtu mkono.

Ndipo alipofanya jambo ambalo lilimsumbua kuliko yote baadaye. Kwa siku tatu alifanya kazi kama Mshale. Hakuinua simu. Alifungua, akasoma, akasaini, akagonga muhuri. Kila faili aliliona lina mkono wa mtu ndani yake unaosubiri kuvunjwa. Ijumaa Mkuu aliandika hamsini na moja kwa wino mwekundu, yote ya siku hizo tatu, akamtazama Mama Simu kwa shukrani halisi. Mlinzi wa ghala alipata leseni yake. Alipiga saluti dirishani, akasema marehemu amefufuka, na mara hii karani akacheka.

Jioni ya Ijumaa hiyo, chini ya rundo, alilikuta faili la mkandarasi.

Aliifungua kalamu. Alikuwa na mkono wa shemeji akilini upande mmoja, na upande wa pili sauti iliyokuwa pumzi tu. Kuchelewa kwake kulimwangamiza mtu mmoja, na mtu mwingine alikuwa akiomba kuchelewa huko huko kama maji. Hakuna waraka uliomfundisha kuvitenganisha hivyo viwili kwa kusoma karatasi. Akaifunga kalamu, akaandika anwani ya nyumba kwenye kiganja.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa miguu. Nyumba ilikuwa ya matofali, safi, yenye maua kwenye makopo ya rangi. Mwanamke aliyefungua mlango alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Mume alikuwa kazini.

"Mimi ndiye niliyepiga simu," Mama Simu akasema. "Nimekuja kuona mahali bastola itakapowekwa. Ni hilo tu."

Mwanamke alimwongoza hadi chumbani, akamwonyesha kabati la nguo la mbao. Mama Simu hakulitazama kabati. Aliutazama mlango. Komeo la ndani lilikuwa jipya. Chini yake palikuwa na matundu ya misumari ya komeo jingine, na chini ya hayo matundu ya jingine tena, na fremu ilikuwa imepasuka na kuzibwa kwa kipande cha mbao ambacho bado hakijapakwa rangi.

"Mlango huu ulipata matatizo," mwanamke akasema.

"Matatizo ya mlango?"

"Ya mlango."

Mama Simu aligusa ile mbao mpya. "Uliniuliza swali, nami sikukujibu," akasema taratibu. "Nikikataa, ana siku thelathini za kukata rufaa. Kamati ikikubaliana nami, haruhusiwi kuomba tena kwa mwaka mmoja. Zaidi ya hapo mimi sina."

"Mwaka mmoja," mwanamke akarudia, kama mtu anayekariri saa ya basi kuondoka. Kisha akamsindikiza hadi barabarani, akaongea kwa sauti juu ya maua, kwa sababu jirani alikuwa amesimama nje.

Jumatatu aliandika sababu tatu, zote za kweli: hakuna kabati la chuma, mahali palipopendekezwa hapafungiki, mlango wa chumba umevunjwa kwa nguvu zaidi ya mara moja. Juu yake akaandika "IMEKATALIWA."

"Umevunja waraka," Mkuu akasema.

"Waraka umesitisha ziara za mkaguzi. Mimi si mkaguzi, na nilikwenda Jumamosi, kwa miguu yangu."

Mkuu alitaka kucheka, akashindwa. Alilichukua faili hadi meza ya Mshale. "Lipitie upya wewe."

Mshale alilifungua. Alisoma sababu ya kwanza, ya pili, na ya tatu akaisoma kwa muda mrefu, yeye ambaye hakuwahi kusoma kitu kwa muda mrefu. Kisha akalifunga, akalisukuma kando kwa kidole. "Mkuu, hili ni witiri," akasema. "Mimi nashika za shufwa."

Faili likaenda kama lilivyo.

Barua za awamu ya pili zilikuja miezi miwili baadaye, na Mama Simu aliijua bahasha yake kabla haijafika mezani. Ilisema kiwango cha utendaji kisichoridhisha na ukiukaji wa maelekezo. Mshale alibaki. Alimsaidia kubeba sanduku hadi nje, akasema, "Mama, ulinifanya nichague. Sikupenda." Wakapeana mikono.

Katika wiki ya mwisho ya Mama Simu kazini, yule mwanamke wa nyumba ya matofali alikuja dirishani, begi begani. Akauliza kama rufaa imeamuliwa. Mama Simu akamwambia imekataliwa, mwaka mmoja, tangu juzi.

"Mimi nimeshahamia kwa dada yangu, mbali," mwanamke akasema. "Nilitaka tu kujua." Hakusema asante, wala haikuhitajika. Alitazama huku na huku kabla ya kuondoka.

Hilo lingetosha kumpa mtu usingizi, lakini halikumpa. Yalikuwepo yale mafaili hamsini na moja. Kabla hajakabidhi funguo alikuwa amefanikiwa kuzipigia nyumba kumi na moja, akijifanya anauliza kama leseni imepokelewa salama. Zote zilikuwa shwari. Nyumba moja mtoto alipokea, akaimba. Arobaini zilibaki. Hakutoka na namba za watu, maana hiyo nayo ingekuwa kosa, kwa hiyo hakuwa na la kufanya ila kukaa nazo kichwani. Akiona gari la polisi limepita kwa king'ora, mumewe alimwona akisimama, ndoo mkononi, mpaka sauti iishe.

Mwezi uliofuata alikwenda kwa shemeji. Hakumtuma mume, hakutanguliza ujumbe. Alimkuta nje akihangaika na ua, mkono wa kulia umepona ukiwa umepinda kwenye kiwiko. Leseni ilikuwa imetoka siku nyingi, na bunduki ilikuwa bado polisi. Hakwenda kuichukua, kwa mkono ule asingeweza kuiinua, na ng'ombe wa kulindwa alikuwa mmoja, yule anayechechemea.

"Shemeji," Mama Simu akasema, akiwa bado amesimama. "Nilipaswa kumpa mwenzangu faili lako tangu siku ya kwanza. Kanuni ilisema hivyo. Nililishikilia kwa kiburi. Nimekuja kusema hilo kwa mdomo wangu."

Shemeji alimtazama. "Kumbe ilikuwa kanuni?"

"Ilikuwa kanuni."

"Mimi nilidhani kanuni ndiyo iliyokuzuia." Akatikisa kichwa polepole. "Nilikuwa nakutetea kwa mama kwa hilo. Kila siku nilimwambia, shemeji anafuata sheria."

Mama Simu alisimama pale jua likimpiga utosini. Shemeji aliinama, akaokota ncha ya waya kwa mkono wa kushoto, akajaribu kuizungusha kwenye nguzo, ikamponyoka. Mama Simu akaweka mkoba chini, akaishika.

Walifunga waya kwenye nguzo tatu. Mama mkwe alitoka ndani na chai. Alileta kikombe kimoja, akakiweka juu ya jiwe karibu na mwanawe, akarudi ndani bila kugeuka. Shemeji alikitazama kile kikombe, akautazama mlango uliofungwa, akafungua kinywa kana kwamba ataita, kisha akakifumba.

"Vuta huo waya," akasema. "Umelegea."

Mama Simu akauvuta.